Katlesi za Kupimwa

Nasriya binti Harub hakuwa na ugomvi na serikali mpaka serikali iliposema itamsaidia.

Mwaka huo, elfu mbili na nne, ilifunguliwa afisi mtaa wa Ruwi ya kuwainua wenye biashara ndogo ndogo. Watapewa vibanda soko jipya la Mabela, bure mwaka mzima. Nasriya, mjane, alikuwa akikaanga katlesi jikoni kwake na kuwauzia majirani kwa kificho, na kibanda kile alikitaka mpaka akawa anakiota. Sharti lilikuwa moja tu: apeleke katlesi sita afisini, wao wazipeleke maabara, na cheti kitoke kabla ya Jumatano ya mwisho wa mwezi.

Akapeleka. Cheti hakikutoka. Karani Aflah, naye kama yeye mtoto wa watu waliohamia huku kutoka Unguja, akamwambia kwa adabu zote kwamba sampuli haikutosha, alete kumi na mbili. Akaleta. Haikutosha vilevile. Akaleta ishirini na chatne ya nazi, maana Aflah alisema maabara siku hizi hupima hadi chatne. Maabara gani hiyo, jamani, yenye kuulizia chatne!

Jumanne akaenda bila ya miadi. Akawakuta makarani watano wamelizunguka bakuli lake la katlesi, vikombe vya chai mkononi, nao wakamkaribisha. Moto ukampanda hadi utosini. Kumbe fisi kapewa bucha alinde, na bado anamwambia mwenye bucha karibu.

Aflah akafuta mdomo, akaapa hajala katlesi kama hizo tangu bibi yake afe. Nasriya akamwambia basi aandike hayo kwenye cheti. Hawezi, alisema Aflah, tena kwa masikitiko ya kweli: cheti hutolewa na maabara, na maabara hawajapata sampuli.

Jumatano ikapita. Kibanda akapewa mwengine, muuza biskuti za paketi.

Wiki ya pili Aflah akapiga simu. Wakubwa wanakuja kulifungua soko, na mkurugenzi anataka katlesi mia tatu, za Bi Nasriya tu, hataki nyengine.

"Nna cheti gani mie, mwanangu, cha kuwalisha wakubwa?" alisema Nasriya. "Wapeni biskuti."

Akaweka simu, akacheka peke yake. Kisha akalia kwa hasira, kwani kibanda kile alikuwa akikitaka kweli.