Utepe wa Yaki Mweupe

Kunzes alianza kukohoa kabla chai haijachemka, na mumewe Angchuk akajua tu kwamba yaki wao, ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu, amekamatwa tena. Alikunywa chai yake ya chumvi na siagi akiwa amesimama, akavaa kofia, akatoka hemani. Magoti yalimuuma. Alikuwa na miaka sitini na minne, na hii ilikuwa mara ya tatu kiangazi hicho kushuka ziwani kumdai mnyama ambaye si wake.

Si wake kweli. Majira ya baridi yaliyopita, madaktari wa mji wa Leh walimrudisha Kunzes nyumbani wakisema ale chochote anachokipenda. Angchuk aliposikia hivyo akamwita lama, kasisi wa Kibudha, akamtoa yaki wake mweupe, wa pekee, akamwachilia. Mnyama aliyeachiliwa hapandwi, hakatwi manyoya, hauzwi, hachinjwi. Huzurura mlimani mpaka uzee umchukue, na uhai aliopewa humrudia yule aliyeombewa. Kunzes mwenyewe aliukata mshipi wake mwekundu wa harusi, akapata tepe mbili, akazifunga masikioni mwa yaki, ili kila amwonaye ajue. Theluji ilipoyeyuka Kunzes alikuwa anakamua mbuzi. Nani angembishia?

Tabu ilikuwa filamu. Miaka kumi na moja nyuma walikuja watu kutoka Mumbai na kamera zao, wakampiga picha msichana aliyeachwa na mchumba, akizunguka ziwa juu ya yaki mweupe mwenye tepe nyekundu. Analia, upepo unavuma, anacheka, amepona. Tangu siku hiyo nusu ya India inataka kuponea hapo hapo. Wanafika na makoti ya kukodi, vichwa vinawagonga kwa hewa nyembamba, wanapanda yaki hatua ishirini, wanalia kidogo, wanatapika, wanaondoka. Na kila yaki ufukweni huvishwa tepe nyekundu, maana bila tepe wageni hawamtaki.

Na nani aliwapa watu wa filamu zile tepe? Angchuk huyu huyu. Mkubwa wao alikuwa ameona kondoo dume mzee aliyeachiliwa, akazipenda tepe zake, akaomba yaki wa kazi afungwe vivyo hivyo. Angchuk alijua haifai. Lakini mgeni aliomba kwa mikono miwili, naye akaona haya kumkatalia. Akafunga. Jioni ile walicheka sana, kijiji kizima. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na Angchuk hakuwa akingoja pole ya mtu.

Mara ya kwanza yaki alikuwa amekamatwa na watu wa ng'ambo ya ziwa, mara ya pili na dereva wa watalii. Wote waliomba radhi. Wote walisema hawakujua. Na kila mara Kunzes alilala siku tatu, kwa ugonjwa au kwa hofu, Angchuk hakuweza kutofautisha.

Safari hii aliyeshika kamba alikuwa Lhundup, mdogo wake Kunzes, aliyerudi wiki hiyo baada ya miaka mitatu ya kuendesha malori huko mabondeni. Juu ya yaki amekaa mama mmoja mwenye glavu za njano, na mumewe anampiga picha.

"Shemeji!" Lhundup alicheka. "Nimemkuta mnyama wenu anarandaranda huko juu kama mkwe aliyefukuzwa. Nikasema, hawa wazee wamechoka, ngoja niwasaidie."

"Mshushe huyo mama."

"Amalize basi, bado picha mbili tu."

"Lhundup, yaki huyu ni wa uhai wa dada yako. Tulimwachilia."

Kicheko kikamkauka. Aliziangalia tepe, akaangalia safu ya yaki wengine, kila mmoja na zake.

"Nilidhani ni za filamu," alisema polepole. "Si wote wanazo?"

"Lama alikuja mwezi wa kwanza. Wewe ulikuwa kwenye malori yako."

"Mngenipigia simu."

"Tukwambie nini? Dada yako anakufa, panda na lori kwenye theluji?"

Lhundup alimshusha yule mama, akaegemeza paji la uso kwenye bega la yaki.

"Leo anaendeleaje?" aliuliza.

"Anakohoa."

"Shemeji, mimi ni ndugu wa damu na sikujua. Ukimwacha sasa hivi, kesho kutwa atakamatwa na mwingine. Hizo tepe ndizo zinazowaita."

Angchuk alikaa juu ya jiwe. Alikuwa amechoka, uchovu ule ambao usingizi hauutoi. Hatimaye aliinuka, akafungua utepe wa kulia, kisha wa kushoto. Lhundup akauliza dada atasema nini. Angchuk akachota tope la ufukweni, akampaka yaki mgongoni, mbavuni, usoni, mpaka weupe wote ukaisha.

"Wa kwenye filamu hakuwa hivi," alisema mama mwenye glavu, akaenda kwa yaki mweusi mwenye tepe. Hakuna mtu aliyemtazama tena yule mwenye tope. Yaki alitikisa masikio, akapanda mlima taratibu.

Kunzes alikuwa mlangoni mwa hema, ndoo ya maziwa miguuni. Alipoziona tepe mkononi mwa mumewe, uso ulimshuka.

"Amekufa."

"Hajafa. Yuko mlimani."

Angchuk alimweleza yote, la Lhundup na la tope, akiwa tayari kwa matusi. Hayakuja. Kunzes alizinyoosha tepe juu ya goti lake, akakohoa, akapumua.

"Nifunge mimi," alisema.

"Wewe?"

"Masikio si ninayo? Na mimi hawanipigi picha."

Angchuk akazisuka ndani ya nywele za mkewe, karibu na masikio, mafundo mawili kila upande, kama anavyofungwa mnyama ambaye hatatumikishwa tena. Kisha Kunzes akaokota ndoo, akaenda kukamua mbuzi mwenyewe.