Boneti ya Mzee Mustapha

Kama kuna mtu aliyejitia kitanzi kwa kupenda usafi, basi ni Sharifu wa Chanika. Mkwewe, Mzee Mustapha, alipokwenda kuhiji alimwachia ufunguo wa gari lake jeupe, lenye rangi yake ileile ya kiwandani, akamwambia, "Litunze tu, mwanangu." Haya, akalitunza mpaka akaliharibu!

Ndege walinyea boneti, mavi yakakauka. Mwenye akili angeweka kitambaa chenye maji, akangoja yalainike. Sharifu akachukua waya wa kusugulia masufuria. Alipoimwagia maji akaona duara limefifia, kubwa kama sahani. Moyo ukampiga paa!

Akalikimbiza Korogwe, mtaa wa Masuguru, kwa fundi rangi Yordani.

"Hii siyo rangi ya geti, kaka," Yordani alisema, akipapasa kwa kidole. "Magari kama haya yana rangi nyeupe chini, ya lulu inayometameta katikati, vanishi juu, na zote pamoja hazifiki unene wa karatasi mbili. Wewe vanishi umeimaliza. Nikipaka hapo peke yake litabaki baka. Tupake boneti nzima."

Ikapakwa, ikapendeza, hata jua la mchana halikufichua kitu. Sharifu akajiambia mzee akirudi atamweleza. Mzee akarudi, nyumba ikajaa wageni, Sharifu akasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Usiku anageuka kitandani, mkewe Chausiku anamwambia, "Mwambie baba. Mficha uchi hazai." Naye anajibu, "Nitamwambia," halafu anavuta shuka.

Wiki ya pili mzee akaamua kuliuza. Akaja mnunuzi, Godlisten, akalizunguka gari akiligonga kwa vidole, majirani wakitazama.

"Mzee, lililopakwa upya silitaki, maana hujui liligonga nini. Hili limewahi kuguswa?"

"Halijaguswa."

"Umetoka kuhiji juzi tu. Niapie, naondoka nalo sasa hivi."

Sharifu alikuwa amesimama nyuma ya gari. Akisema, atakuwa amempinga mkwewe mbele ya mgeni, jambo ambalo mkwe mwenye adabu halifanyi, na uongo wake wote utamwagika hapo uani. Akinyamaza, mzee wa watu ataapa uongo bila kujua. Afanyeje? Alitamani ardhi immeze, nayo ardhi ikakataa.

Mzee Mustapha akainua mkono wa kulia, akafungua kinywa.

"Mzee, usiape!" Sauti ilimtoka Sharifu kama ya mbuzi. "Boneti imepakwa. Niliisugua ikaharibika, nikakuficha."

Godlisten akawatazama wote wawili, akatikisa kichwa, akaaga. Mzee alibaki na mkono juu. Kisha akaushusha polepole.

"Njoo hapa."

Sharifu akaenda akijua ni kofi, na aliona ni haki yake. Mzee akamshika mkono.

"Wiki mbili tunakula sahani moja, Sharifu. Ulikuwa unangoja nifike hapa?"

Sharifu akaitazama boneti.

"Ningeapa uongo kwa jina la Mungu, mwanangu," mzee alisema, na machozi yakaanza kumtoka mbele ya watu wote. "Kwa ajili ya boneti!"