Harufu ya Buhuri kwenye Shati la Obura

Kabla kompyuta haijatolewa ndani ya boksi, Nasur alikuwa amekwisha kumchukia muuzaji wake.

Hakuwa na sababu ya kuitaja mbele za watu. Obura, kijana wa Kikenya mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na kalamu mfukoni, alikuwa na kosa moja tu. Alimwona Kaltumi akiingia dukani, akasema kwa furaha, "Kaltu! Ni wewe kweli?"

Kaltu. Nasur alimwoa Kaltumi kwa shangwe, ngoma za Kinubi zikalia kule kwao Bombo mpaka majirani wakasahau kulala, na bado yeye humwita mkewe kwa jina zima, kama lilivyotoka kwa wazazi wake. Huyu ametoka wapi na kisu cha kulikata?

"Tulisoma pamoja kozi ya kompyuta, pale Lubaga," Kaltumi akaeleza. "Obura, huyu ndiye mume wangu, Nasur."

"Shemeji!" Obura akanyoosha mkono.

"Shemeji kwa upande gani?" Nasur akauliza, akiubana mkono ule kama mtu anayekaza nati.

Obura akacheka. Alidhani ni utani.

Kaltumi alikuwa akichora na kuchapisha kadi za harusi. Kazi hiyo aliifanya kwenye kompyuta za kukodi, akipanga foleni na wanafunzi na watu wa kuomba viza, na mara nyingi umeme ukikatika picha za bibi harusi zilipotea naye akaanza upya. Laptopu hii alidunduliza mwenyewe mpaka ikapatikana. Alipoigusa, uso wake ukang'aa. Nasur aliuona mng'ao ule. Akaona pia kwamba Obura ameuona.

"Mwaka wa kwanza inalindwa na kiwanda," Obura akasema. "Lakini iko waranti ya ziada, miaka miwili juu ya huo. Ikisumbua, hubebi kitu kuja mjini. Fundi anakufuata nyumbani. Hata isiposumbua, anapita mara moja moja kuikagua na kuisafisha."

"Fundi gani?" Nasur akauliza.

"Upande wa Mengo na Lubaga? Ni mimi, shemeji."

"Tutafikiria."

"Hakuna haraka. Ofa iko mpaka mwisho wa mwezi."

Nasur alikuwa amekwisha kufikiri. Mchana yeye yuko Ndeeba dukani kwake, mikono imejaa grisi. Mchana Kaltumi yuko nyumbani Mengo, peke yake na mashine. Akamwona Obura ameinama, bega kwa bega na mkewe, akisema, "Kaltu, bonyeza hapa."

Jioni ile mjadala ukaanza kabla chai haijapoa.

"Mimi nauza cheni na breki za pikipiki," Nasur akasema. "Mteja akiniuliza kama cheni itadumu, namwambia itadumu, basi. Simwambii, itadumu, lakini niongezee kidogo nikutoe wasiwasi. Mtu akikuuzia kitu kisha akakuuzia na hofu ya kitu hicho hicho, amekuibia mara mbili."

"Cheni ikikatika, mwenye boda anakaa kando ya barabara anasubiri," Kaltumi akajibu. "Bibi harusi hasubiri, Nasur. Kadi isipotoka leo, kesho ametafuta mwingine."

"Ikiharibika nitaipeleka kwa mafundi mwenyewe."

"Mafundi gani? Wale rafiki zako wanaofungua redio kwa kisu cha mezani?"

Nasur akataja sababu nyingine. Nyumba ni ndogo. Mama mwenye nyumba hapendi wageni. Mafundi wa siku hizi hubadilisha vifaa vizuri kwa vibovu. Kila sababu ilikuwa na miguu, hakuna iliyokuwa na kichwa, na Kaltumi alizisikiliza zikipita moja baada ya nyingine.

Kisha akaenda kuwasha makaa kwenye chetezo.

Kwao hakuna kitu kipya kinachoingia nyumbani bila kufukizwa, kiwe godoro, nguo au kapu la sokoni. Buhuri alichanganya mwenyewe, kama bibi yake alivyomfundisha: vipande vya msandali, sukari, mafuta ya manukato, na kitu kimoja ambacho hakuwahi kumtajia mtu, hata mumewe. Kila mwanamke wa Kinubi ana buhuri yake, na watu wanaijua kama wanavyoijua sauti yake. Nasur angefungwa kitambaa machoni, akapitishwa kwenye milango yote ya Bombo, angesimama penye mlango alimo Kaltumi bila kukosea.

Kaltumi akalipitisha boksi juu ya moshi, taratibu.

"Ya kuzuia jicho," akasema.

"Jicho la nani?"

"La mwenye husuda, awe nani." Akatabasamu. "Hii ndiyo waranti ya bibi yangu."

Nasur akalidaka neno hilo kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni.

"Basi unayo tayari! Nyingine ya nini? Itoe ndani tuifukize yenyewe, tena ikiwa inawaka."

"Boksi linatosha."

"Kwani watu watahusudu boksi?"

Nasur akaitoa mashine, akaiwasha, akaishika juu ya chetezo. Akaongeza buhuri, akaongeza tena. Feni ya mashine ikanguruma, ikauvuta moshi wote ndani. Kaltumi akapiga kelele, "Utaichoma wewe!" lakini alikuwa akicheka, na Nasur akacheka naye. Jioni hiyo waranti haikutajwa tena.

Baada ya siku chache mashine ikaanza kukoroma.

"Unaisikia?" Kaltumi akauliza.

Nasur aliisikia. "Kitu kipya lazima kilie kwanza. Hata pikipiki mpya inalia mpaka izoee."

"Inapata moto pia. Nimpigie Obura?"

"Nani?"

Kaltumi akamtazama. Kisha akarudi kwenye kazi yake, na jina lile halikutajwa tena nyumbani mle. Nasur akajihesabu mshindi.

Mwisho wa mwezi ulipofika, akafunga duka mapema. Jibu la hapana alitaka kulipeleka mwenyewe, uso kwa uso. Njiani kutoka Ndeeba alipanga maneno kama wanavyopanga wenye kutunga mashairi, akayarudia juu ya pikipiki mpaka yakakaa sawa:

*Duka ni lako, nyumba ni yangu;*
*uza vyako, niachie vyangu.*

Akayapenda. Akaingia dukani kifua mbele.

Obura akatokea chumba cha nyuma akijifuta mikono. "Shemeji! Karibu sana." Akaegemea kaunta, akasogea karibu.

Ndipo harufu ikamfikia Nasur.

Msandali. Sukari iliyoungua. Na kile kitu kingine kisicho na jina. Ilikuwa ikitoka kwenye shati la Obura, kwenye mkono wa shati, kwenye kola. Harufu ya mito ya kitandani kwake. Harufu ya shingo ya mkewe siku ya Idi. Beti zote zikamtoka kichwani kama ndege waliorushiwa jiwe, na alipojitambua alikuwa amekwisha kuvuka nusu ya kaunta, kola ya Obura imo mkononi mwake.

"Umetoka wapi?"

"Nini? Shemeji, vipi?"

"Harufu hii ni ya nyumbani kwangu. Nakuuliza mara moja tu. Umeipata wapi?"

"Banange, jamani!" Msichana wa kaunta, Moreen, akashika kichwa. "Njooni muone! Mzee huyu anamnusa Obura!"

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua spika akairudisha mahali pake, akatoka nje kimya kimya.

"Mwache mwenzako," Moreen akasema, akinusa blauzi yake mwenyewe. "Hata mimi ninayo. Nusa basi na mimi, usione haya. Tangu asubuhi duka zima linanukia harusi."

Nasur akavuta pumzi. Kweli. Harufu ilikuwa kwenye pazia, kwenye viti, kwenye maboksi. Obura, kola bado imo mkononi mwa Nasur, akanyoosha kidole kuonyesha chumba cha nyuma.

"Mashine yenu iko kule mezani. Nimeifungua. Feni imejaa gundi tupu, tena tamu, kama mtu ameichovya kwenye halua. Nyinyi mnachoma moshi gani?"

"Nani ameileta?"

"Mimi."

Kaltumi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ametoka kuswali adhuhuri, mtandio bado umefunika kichwa chote. Aliutazama mkono wa mumewe uliokamata kola, na hakuonekana kushangaa hata kidogo. Hilo lilimuuma Nasur kuliko kama angepiga yowe.

"Ulikuja hapa bila kuniambia," akasema.

"Nilikuja hapa kwa sababu hukutaka yeye aje kule. Angekuja nyumbani, mlango uko wazi, mama mwenye nyumba yuko barazani anachambua mboga, na wewe unajua. Ulikataa. Sasa nimemfuata mimi. Umefurahi?"

Nasur akaiachia kola.

Obura akainyoosha kola yake. "Kwa kweli nilitakiwa kuandika kwamba imeingia moshi," akasema, sauti imeshuka. "Moshi haumo kwenye ile dhamana ya kiwanda. Nikiandika, inakufa leo. Sijaandika. Nimeisafisha tu."

Nasur akatamani angeandika. Kumchukia mtu ni kazi rahisi mpaka pale anapomfanyia mkeo hisani.

"Na hiyo ya ziada?" Kaltumi akauliza.

"Hiyo inajumuisha na usafi kama huu. Bila hiyo, moshi ukirudi, mtanunua feni, pengine na vingine."

Kaltumi akaja mpaka kwenye kaunta. "Mashine ni yangu, na waranti nitailipia mwenyewe. Lakini nyumba ni yetu wawili. Simkaribishi mtu mlangoni wakati mume wangu anamfukuza moyoni. Kwa hiyo sema, Nasur. Hapa hapa, mbele yake. Kwa nini hutaki aje?"

"Nilikwambia. Mtu anayeuza cheni…"

"Ukitaja cheni tena," Kaltumi akasema polepole, "naichukua mashine hii naipeleka Bombo kwa mama. Kazi yangu nitaifanyia kule. Asubuhi nitaondoka na mashine, na siku za kazi nyingi nitalala kule. Nyumba utabaki nayo, na hakuna fundi atakayeingia."

Moreen aliacha kutabasamu. Nasur akamtazama mkewe, akaona hatanii. Akakiona na chumba chao bila yeye, chetezo kimejaa majivu baridi.

"Nina wivu," akasema.

"Akikuita Kaltu naona kama ameingia mfukoni mwangu. Mnaongea habari za mashine, mnachekeana, na mimi nimesimama pembeni kama mwavuli uliosahauliwa. Sikudhanii vibaya. Wallahi sikudhanii. Lakini nina wivu, na nilikuwa nao kabla hajafungua boksi."

Kaltumi akavuta kiti, akaketi.

"Hiyo ndiyo sababu ya kwanza uliyonipa isiyo na cheni," akasema.

"Sikiliza, shemeji," Obura akaingilia. "Naweza kumtuma mwenzangu, Ondiek. Upande wenu anaujua vizuri. Mimi sitaki mtu akose raha."

Ulikuwa mlango, tena umefunguliwa kwa upole. Nasur angeweza kuupita akaenda zake. Lakini kuonewa huruma na Obura, mbele ya Kaltumi, mbele ya msichana huyu wa kaunta! Kifua kikamjaa tena, safari hii kwa jambo jingine.

"Usimtume mtu," akasema. "Utakuja wewe. Ijumaa baada ya swala, nikiwepo. Utakunywa kahawa kwangu. Na mke wangu utamwita kwa jina lake lote."

"Kaltumi," Obura akasema.

"Hivyo hivyo."

"Sawa, shemeji."

"Na hiyo ya shemeji…"

"Hiyo siiachi," Obura akasema, na Moreen akaangua kicheko mpaka akashika kaunta. Kaltumi hakucheka, lakini alichukua kalamu kutoka mfukoni mwa Obura, akasaini fomu ya waranti. Nasur akaona kalamu ilivyotoka mfukoni mule, bila kuombwa. Akageuza macho, akasoma bei za spika.

Fundi akaja siku ya Ijumaa, ilipofika zamu ya kwanza ya ukaguzi. Akavua viatu mlangoni. Mgeni hufukiziwa, kwa hiyo makaa yalihitajika, na Nasur aliyawasha mwenyewe, akakiweka chetezo uani, mbali na mashine. Akaketi katikati ya wawili wale na kuuliza jina la kila skrubu. Mara moja kitu fulani kwenye skrini kiliwachekesha. Akataka aelezwe, nao wakamweleza, mara mbili. Hakikuwa na kichekesho chochote. Akacheka.

Kahawa ilipokwisha, akamsindikiza mgeni mpaka barabarani, kama ilivyo desturi. Obura akapanda boda ya kwenda Namuwongo, anakokaa, akapunga mkono. Pikipiki ikateremka kilima cha Mengo, shati jeupe likipepea, na harufu ikabaki nyuma yake njia nzima, msandali na sukari na kile kitu kisicho na jina.

Nasur alijua imetoka wapi. Makaa aliyawasha yeye. Hata hivyo alisimama pale pale mpaka upepo ulipoimaliza yote, ndipo akageuka na kurudi nyumbani upesi, amwahi Kaltumi kabla hajaifunika mashine.

"Nionyeshe tena kile kilichowachekesha," akasema.

Kaltumi akasogea kwenye mkeka, akamwachia nafasi.