Ng'ombe wa Mama Mkwe

Ng'ombe alilia chumbani mwa mama mkwe wangu. Si zizini, chumbani, nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo.

"Mama, ni nani huyo?"

"Baba mkwe wako," akajibu bila kupepesa macho. "Kifua kinambana tangu jana."

Nilisimama pale sebuleni, koleo la hereni mkononi, nikiuma midomo nisicheke. Miaka mingi imepita, na bado nikikumbuka hucheka peke yangu jikoni. Lakini siku ile nilikuwa afisa mifugo mgeni, na mke mgeni katika nyumba ile. Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeingia mnadani, na kazi yangu ilikuwa kumvisha kila ng'ombe hereni yenye namba, nimwandike yeye na mmiliki wake, ili akihamishwa ijulikane ametoka wapi na amepitia wapi. Asiye na namba hatoki zizini, wala maziwa yake hayanunuliwi. Mtaa mzima ulikuwa umetii. Ningeanzaje kumripoti mama wa mume wangu?

Mara mlango wa uani ukafunguka. Akaingia baba mkwe na mzigo wa majani begani, buheri wa afya.

"Nani anaumwa?" akauliza. Chumbani, mgonjwa akapiga teke ndoo.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua!" akasema mzee, akacheka mpaka majani yakamponyoka. Nami uvumilivu ukanishinda. Mama peke yake hakucheka. Aliketi, akajifuta uso kwa upindo wa nguo yake.

"Mtoboe hata masikio yote mawili," akaniambia taratibu. "Siogopi hilo koleo lako, naogopa kalamu. Ng'ombe wote wa nyumba hii umewaandika kwa jina la Baba. Huyu nilimnunua ndama, kwa jasho langu, kwa kushona nguo za watu. Ukishamwandika, ndiyo basi tena."

Alisema kweli. Ndivyo tulivyozoea kazini: mwenye nyumba ndiye mwenye mifugo, hatuulizi. Nikamtazama baba mkwe.

"Mwanangu, huyo ni wake," akasema mzee. "Mimi maziwa yake huyaomba, na siku nyingine nanyimwa."

Tukamtoa kinyumenyume, maana chumba kilikuwa finyu, hageuki. Mama alimshika kichwa, akafumba macho yeye badala ya ng'ombe. Koleo likabana mara moja. Ng'ombe akatikisa sikio, akaendelea kutafuna pembe ya shuka aliyotoka nayo kitandani.

Nikafungua daftari. Penye mmiliki nikaandika jina la mama mkwe wangu, la baba yake na la babu yake, kisha nikamsomea.

"Soma tena," akasema, huku akienda kufungua dirisha la barabarani. "Kwa sauti. Majirani zetu wengine ni wazito wa kusikia."