Shangazi wa Darasa la Sita

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Mwalimu Lavinia aliita majina ya darasa la sita katika Shule ya Msingi Lotopua. Alipofika kwa Sesika Fonua, waliitika wawili. Mmoja alikuwa mahali pake pa siku zote, safu ya mbele, vidole vimejaa wino. Mwingine alisimama kando ya dirisha, amevaa sare ya mtindo wa zamani iliyopita magoti, na pindo lake limejaa mchanga mweupe. Mwalimu Lavinia aliweka alama moja ya vema, kwa kuwa daftari lina nafasi moja, akaendelea na jina lililofuata.

"Karibu ukae, shangazi," alisema Sesika wa safu ya mbele, akasogea.

Hakuna asiyemjua yule wa dirishani. Alikuwa dada mkubwa wa Maka Fonua, baba yake Sesika. Alikufa kwa homa mwaka 1979, akiwa na miaka kumi na miwili, wiki tatu kabla ya mtihani wa kuingia sekondari. Sesika alipozaliwa akapewa jina lake. Kaburi lilikuwa hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni, na asubuhi hiyo mchanga wake ulikuwa umebonyea katikati. Mama yake Sesika, Meleʻana, alipouona alirudi ndani akakata kipande kimoja zaidi cha mkate.

Aliyemwita shangazi ni mkuu wa shule, Semisi Taukolo, mtu anayepaka viatu rangi hata akienda shambani kung'oa magimbi. Ofisi ya Viwango ilikuwa imemwandikia kwamba wastani wa darasa la sita lazima ufike sitini kwa mia. Mwaka wa kwanza Lotopua walipata arobaini na nane, wa pili hamsini na moja. Wakianguka mara ya tatu, shule itafungwa, na watoto watavuka mkondo kwa mashua kila asubuhi kwenda kisiwa cha pili. Mkuu alipiga hesabu akaona kwamba watoto watatu ndio wanaomvuta chini. Kuwabakiza nyumbani hakungesaidia, maana kiti kitupu kinahesabiwa sifuri. Ilibidi viti vyao vikaliwe na wengine.

Basi akafunga mkeka kiunoni kama adabu inavyotaka, akabeba mizizi mitatu ya kava, ile ya kinywaji cha heshima, akaenda kwenye makaburi matatu. Akakaa chini akakunja miguu na kutoa hotuba ile ile tunayowatolea wakubwa tunapoomba jambo zito. Kila mtoto wa Lotopua ana jina la marehemu wa ukoo wake, na Ofisi ya Viwango haiombi picha.

"Sijavunja kanuni," aliwaambia walimu wakinywa chai. "Kanuni inataka aliyeandikishwa kwa jina. Majina si yao?"

"Mkuu, Sesika ameshaanza kuelewa hesabu za sehemu," alisema Mwalimu Lavinia. "Niachie huyu mmoja tu."

"Mwanangu, ukishaachiwa mmoja, mwenzako naye atataka wake. Kunywa chai."

Na kweli alikuwa ameanza kuelewa. Mwaka mzima Sesika alikuwa akizitazama namba ubaoni kama mtu anayesoma barua isiyo yake. Ndipo Agosti Mwalimu Lavinia akaleta darasani majani ya mkadi, yale ya kusukia mikeka, akamwambia apasue theluthi, apasue robo, apange. Mtoto wa msusi wa mikeka yule! Alipasua kwa ukucha, akapima kwa kidole, akajibu. Tangu siku hiyo hakukosea hata mara moja. Tatizo ni kwamba alikwenda polepole. Mtihani una maswali sitini kwa saa moja, naye angemaliza ishirini, yote sahihi. Arobaini yaliyobaki yangeandikwa kwamba hajui.

Shangazi alimaliza sitini kwa dakika thelathini na tano. Wakati wake walifundishwa kwa fimbo, na jedwali la kuzidisha alilijua mpaka ishirini na nne. Ukimuuliza kwa nini jibu ni hilo, alikutazama tu akingoja swali linalofuata.

Nyumbani mambo yalikaa kama yanavyokaa shangazi akija. Alipewa kitanda kizuri na kipande cha kwanza cha nguruwe. Maka, mwanaume mwenye mvi, alihamishia godoro lake jikoni, kwenye banda la uani, kwa kuwa kaka halali chini ya paa moja na dada yake.

"Maka, hiyo fulana gani ya kuvaa Jumapili?" dada yake alimwuliza, miguu yake haijafika chini kutoka kitini. "Au nilipokufa mliamua kuwa wahuni?"

"Nisamehe, dada," alijibu Maka akitazama sakafu, akaenda kubadilisha.

Alasiri ya kabla ya mtihani, Sesika wawili walikuwa wakikwangua majani ya mkadi barazani. Yule hai alikuwa ameyameza maneno yake siku zote hizo, na sasa yalimtoka.

"Shangazi, niachie mtihani. Nimeshajua."

"Unajua maswali ishirini."

"Lakini yote sahihi!"

"Mimi nilijua yote sitini, nikazikwa nayo." Shangazi hakuinua kichwa. "Miaka yote hii nimelala na majibu kifuani, hakuna aliyekuja kuniuliza. Kesho nitakaa mimi."

"Ndiyo, shangazi," alisema Sesika, kwa sababu shangazi hajibiwi vingine. Kisha akalia kimya kimya, na mwenzake akaendelea kukwangua jani lake mpaka mwisho.

Siku ya mtihani Sesika alipewa kazi ya kung'oa magugu kando ya kaburi. Kutoka pale aliisikia kengele ya shule ikilia kuanza na ikilia kumaliza. Katikati ya kengele hizo alipasua jani la mkadi vipande ishirini vilivyo sawa, bila kuulizwa na mtu. Msimamizi kutoka Ofisi ya Viwango alihakiki majina yote, akayakuta kamili. Chini ya viti vitatu aliona mchanga, akaandika katika ripoti yake kwamba sakafu ifagiliwe.

Wastani ulikuwa sabini na moja. Nguruwe wawili walichomwa, cheti kikatundikwa ofisini, na mkuu alitoa machozi ya furaha mbele ya watu. Wiki iliyofuata ikaja barua kwamba Sesika Fonua amechaguliwa kujiunga na sekondari ya kisiwa kikuu. Meleʻana alishona sare. Alimpima shangazi kiuno kwa utepe, na mikono yake ilikufa ganzi kwa ubaridi. Akashona huku analia, na hakumficha yeyote kilio chake.

Gatini, meli ilipokuwa ikipakia, Mwalimu Lavinia alimvuta Maka pembeni.

"Mzee Maka, aliye hai ni huyu hapa. Mpandishe huyu."

Maka alimtazama binti yake aliyebeba sanduku la mwenziwe, akatazama daraja la meli.

"Mwalimu, nitafungua mdomo gani kumwambia dada yangu ashuke?"

Shangazi alikuwa juu tayari. Alipokea sanduku, akamshika Sesika shavuni kwa kiganja kilichoacha mchanga.

"Ukanifagilie kwangu," alisema. "Pasikae wazi."

Februari shule ilifunguliwa. Sesika hakuwa na pengine pa kwenda, akaja darasa la sita. Katika daftari jina lake lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu na kuandikwa pembeni: amehamia sekondari. Mahali pake pa safu ya mbele palikuwa na mtoto mwingine, basi akasimama kando ya dirisha. Pindo la sare yake lilikuwa limejaa mchanga mweupe. Kila asubuhi alipita kujaza lile bonde la kaburi, na kila asubuhi alilikuta limebonyea tena, sasa kwa kimo chake.

Ukutani palikuwa na barua mpya. Kiwango cha mwaka huu ni sabini na tano.

Nje, Mkuu Taukolo alipita amefunga mkeka kiunoni, viatu vinang'aa, mizizi mitano ya kava begani. Aliwapungia watoto mkono kwa uchangamfu. Mwalimu Lavinia aliita majina yote ishirini na mawili, taratibu kuliko kawaida, na baada ya la mwisho akabaki ameinamia ukurasa kwa muda, kana kwamba kuna mstari aliouruka. Hakukuwa na mstari. Akafunga daftari.

Kando ya dirisha, Sesika alikuwa bado ameinua mkono.