Zote Zilisema Saa Nne na Dakika Kumi

Mume wangu alikuwa ameshatoa kauli: mama yake akishindwa kusoma saa, basi hatamchukua tena mjukuu shuleni, atatafutwa mtu. Kisa, alichelewa siku moja, mtoto akabaki getini na mlinzi. Mama mkwe akaapa kwamba macho yake ni mazima, saa yake ndiyo mbovu. Haya, twende tukanunue nyingine, nikamwambia, maana mimi maneno mengi siyawezi.

Fundi saa akatutandikia saa za mkono juu ya meza, zote za betri, za bei ya watu kama sisi. Mama mkwe akarukia ya rangi ya dhahabu, nyembamba, haina namba hata moja, vistari tu.

"Hii imeandika ngapi?" akauliza, kama mtu anayemjaribu fundi.

"Nne na dakika kumi, mama."

"Naona!"

Nikampa ya chuma, nzito, yenye kidirisha cha tarehe. "Nne na dakika kumi." Nikampa ya mkanda wa ngozi. "Nne na dakika kumi, mnanisumbua." Jamani, nilifurahi! Nikaanza kupanga jinsi nitakavyomsuta mume wangu.

Nikampa na ya plastiki, nyepesi, isiyoogopa maji. "Nne na dakika kumi." Fundi akakohoa. Hiyo ilikuwa inatembea, ametoka kuitia betri, na mishale yake ilishapita saa sita. Zile nyingine mpya alikuwa amezizima zote na kuzielekeza mishale saa nne na dakika kumi, ndivyo zinavyopendeza kabatini.

Loo! Nilitaka kucheka, nikamwona mama mkwe ameinamisha kichwa.

"Usimwambie mwenzio," akaninong'oneza. "Watanichukulia mtoto wangu."

Roho iliniuma. Nikamgeukia fundi kwa ukali asioustahili: "Wewe, huna saa ya watu wenye macho yao ya utu uzima?"

Akainama, akaibuka na moja kubwa ya kiume, uso mweupe, namba nyeusi nene kama zimeandikwa kwa mkaa. Mbaya kweli. Akaiwasha, akaipatanisha na yake. Mama mkwe akaisogeza mbali, akairudisha karibu, midomo ikimcheza.

"Saa sita na... dakika ishirini."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Nikapiga kigelegele humo humo dukani.

"Unashangilia nini na mtoto anatoka na nusu!" Akajifunga saa, akatoka. Mimi nikabaki nahangaika na malipo.

Nilimkuta barabarani, simu ikaita. Mume wangu.

"Vipi, nimtafute mtu wa kumchukua mtoto?"

Mama mkwe akanipokonya simu. "Mwambie huyo mtu wako alale. Mimi nimeshafika getini."

Tulikuwa hatujafika hata nusu ya njia. Lakini kwa mwendo ule aliokuwa anakwenda, mimi nani nimwite mwongo?