Siku Thelathini za Mbuzi wa Isale

Usiku wa jana niliota ndoto ya kikazi. Wenzangu huota wanaruka juu ya milima au wanakula pilau harusini. Mimi hata usingizini nilikuwa nimevaa buti za mpira.

Lakini ndoto haieleweki bila mchana wake. Ninaendesha makao ya mifugo hapa upande wa Meru, ya wanyama waliozeeka, waliovunjika na waliotupwa. Hawachinjwi wala hawauzwi. Tunawaita wakazi, na mpaka jana saa tisa alasiri walikuwa kumi na wanne: mbuzi kumi na mmoja, punda wawili na ng'ombe mmoja mwenye kiburi. Saa tisa na nusu walikuwa kumi na watano.

Huyo wa kumi na tano aliletwa na shemeji yangu Nderingo, mdogo wa marehemu mume wangu. Tulikuwa hatujasemezana miaka miwili, tangu siku ya kumaliza matanga, aliposimama mbele ya ukoo mzima akasema msiba umenitia wazimu, ndiyo maana nafuga mbuzi wasioliwa. Jana akaja kwa miguu, mvua inamnyeshea, ameshika kamba, na mwisho wa kamba kuna mbuzi jike mweupe aliyefungwa jani la isale shingoni.

Kwetu isale ndilo jani la kuomba radhi. Ukiletewa hukatai, hata kama mtu amekuchomea nyumba. Mbuzi anayekuja nalo huchinjwa, watu wakala pamoja, maneno yakaishia hapo.

"Najua huyu hutamchinja, shemeji," Nderingo alisema. "Basi na aishi."

Nililia palepale, sioni aibu kusema. Na nilipokuwa bado nafuta machozi nikafanya kosa.

Mume wangu Elisaria aliandika sheria tatu kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa banda. Ya kwanza: kila mkazi aangaliwe macho kila asubuhi. Ya pili: mgeni akae peke yake siku thelathini. Ya tatu: usipokee usichoweza kubeba. Ile ya pili aliiandika mwaka tuliompokea beberu mwenye kikohozi, tukamlaza na wengine, tukazika mbuzi watano kwa wiki moja. Banda la karantini tulilijenga mbali, huko chini kwenye migomba.

Sasa ningempelekaje mbuzi wa radhi huko chini, peke yake kama mwizi, mbele ya macho ya mtu aliyemleta? Nderingo angeona nimelipokea jani kwa mkono mmoja na kulitupa kwa mwingine. Nikamwingiza mgeni bandani na wenzake. Pale mlangoni alikohoa mara moja. Nikajiambia ni vumbi, na mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi.

Nderingo akalala chumba cha wageni. Mimi nikafunga mlango wa jikoni, nikaacha buti ndani ya mlango, nikaenda kulala.

Katika ndoto ni asubuhi na jua linawaka. Nje ya banda kuna benchi refu ambalo sina. Wameketi watu wengi, kila mmoja na kifuko cha chakula mapajani, na sura za watu waliosubiri ofisini mpaka wakachoka kukasirika.

"Habari za asubuhi," nasema. "Mnamsubiri nani?"

"Wewe," anajibu mama mmoja mnene aliyesimama, mwavuli mkononi. "Sisi ni Siku Thelathini. Tumesikia mgeni amefika, tukaja kazini. Tumeambiwa hakuna kazi."

"Nani kawaambia?"

"Mlango."

Naugeukia mlango. Mlango unaangalia pembeni.

"Mimi ni Siku ya Kwanza," anasema yule mama. "Nisipoingia mimi, hawa wote hawaingii. Wengine wametoka mbali. Huyu wa Ishirini na Tisa ana mgongo."

Nawaomba radhi, nawaambia kulikuwa na sababu za kifamilia. Wanatikisa vichwa kwa adabu. Mwisho wa benchi kijana mwembamba mwenye miwani ananyoosha mkono.

"Mimi ni Siku ya Nane," anasema. "Ningependa kujua kama nitahitajika, kwa sababu kikohozi huwa kinajulikana siku yangu."

"Kwa hiyo ana kikohozi?"

"Nitajuaje, mama? Mimi sijafika bado."

Namwambia ameketi mbele yangu. Anasema kuketi si kufika, kisha anafungua kifuko chake na kuanza kula kiazi.

Ndipo buti la mguu wa kushoto likasema, "Ingia ndani. Umechelewa ukaguzi."

Buti hizi zilikuwa za Elisaria. Zinanipwaya, nimezijaza magazeti kwenye vidole. Liliponisemesha nilitega sikio nikitegemea sauti yake. Haikuwa yake. Lilikuwa na sauti ya buti tu, na hilo liliniumiza kuliko nilivyotarajia.

Ninaingia. Wakazi wamepanga mstari, ila wanaokaguliwa si wao. Ni mimi. Shangazi yuko mbele. Shangazi ni mbuzi wetu mzee kuliko wote, kipofu wa macho yote mawili, na mbele amebakiwa na meno matatu. Ananiwekea kwato zake mbili kifuani na kuniambia nivute kope la chini.

Kazi hiyo naijua. Kila asubuhi mimi ndiye ninayewavuta kope. Ndani pakiwa pekundu, mnyama ana damu ya kutosha. Pakiwa peupe, minyoo imemmaliza.

"Shangazi," nasema, "wewe huoni. Utajuaje rangi?"

"Sitafuti rangi. Natafuta kitu ulichokiona jana mlangoni ukafumba."

Nafumba haraka, nikiwa nimechelewa. Shangazi ameshapitisha ulimi kwenye kope langu, anamung'unya.

"Kipo," anawaambia wenzake. "Ni kikohozi kimoja. Andikeni. Hakikuwa vumbi."

Punda mmoja anaandika. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

"Sasa sheria ya tatu," anasema ng'ombe. "Abebeshwe."

Wanaanza kunipandia mgongoni. Mbuzi wanne, nimesimama. Mbuzi kumi na mmoja, nimesimama. Punda wote wawili wanapanda, mmoja bado anaandika. Ng'ombe anapanda bila kunishukuru. Natembea nao kuzunguka banda na hata najisikia vizuri, nasema moyoni mbona naweza. Kisha Shangazi anainama kutoka begani na kuniwekea kile kikohozi kiganjani. Ni kidogo, ukubwa wa punje ya mahindi. Magoti yangu yanakunjika na sote tunaanguka.

Tulipoanguka hatukuangukia bandani. Tumeangukia uwanja wa nyumbani, siku ya kumaliza matanga. Turubai ni lilelile la bluu, viti vilevile vya plastiki. Nderingo amesimama mbele na kipaza sauti. Katika viti wameketi wakazi, wametulia, na mbuzi mweupe ameketi kiti cha mgeni wa heshima, isale shingoni.

"Ndugu zangu," anasema Nderingo, "shemeji yangu amepona. Amempokea mgeni kama watu wote wanavyompokea mgeni."

Wakazi wanapiga makofi kwa kwato. Mbuzi mweupe anainamisha kichwa kuwashukuru, na anakohoa.

Anakohoa taratibu, kwa aibu. Kikohozi kinatua kiti cha pili, mbuzi wa kiti hicho anakohoa. Kinahamia cha tatu. Kinapita kiti kwa kiti kama kapu la sadaka, na kila kinapopita, kiti kinabaki kitupu. Hakuna anayepiga kelele. Nataka kupaza sauti, lakini Nderingo ananitazama kwa furaha ambayo sijaiona usoni mwake tangu tumzike kaka yake, na nikisema neno furaha hiyo itakatika. Naomba niseme wazi: viti vitano vilikuwa vitupu na bado nilikuwa nafikiria Nderingo atanionaje.

Siku ya Nane anasimama pembeni yangu akimalizia kiazi. "Hiki ndicho nilichokuwa nasema," ananiambia.

Kiti cha sita. Cha saba. Shangazi ameketi cha mwisho. Anageuza masikio yake kukifuata kikohozi kinavyokuja, kwa sababu ndiyo namna yake ya kuona. Napiga magoti mbele yake.

"Shangazi, nifanyeje?"

"Omba radhi."

"Kwa Nderingo?"

"Nderingo ana mapafu yake mazima. Omba kwetu."

"Sina isale."

Mbuzi mweupe ananyoosha shingo kutoka kiti cha heshima. "Chukua hili," anasema. "Linanikaba tangu jana. Na mimi nilidhani nitapewa mahali pa kupumzika, nimetembea kutwa nzima, nikaingizwa kwenye kundi la watu nisiowajua wananinusa. Hakuna aliyeniuliza."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nalifungua jani, nampa Shangazi kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Kikohozi kimefika kiti cha jirani yake. Shangazi analinusa jani, analiingiza mdomoni na kulikata katikati.

"Chungu," anasema. "Tumepokea."

Kikohozi kinasimama hapohapo, hakisogei.

"Kimekwisha?"

"Kimesimama. Kitasubiri mpaka asubuhi, na chenyewe kimechoka." Anatema nusu ya jani iliyobaki. "Hii si yetu. Mpelekee yule unayemwogopa kuliko unavyotupenda."

"Niiweke wapi? Nguo yangu haina mfuko."

"Huku," linasema buti la kushoto.

Nikaamka. Kulikuwa kunaanza kupambazuka na mvua bado ilikuwa inanyesha. Nililala pale kidogo nikijiambia yale ambayo watu wazima hujiambia: ni ndoto, ni uchovu, ni ugali wa usiku. Kisha kutoka bandani nikasikia kikohozi kimoja, kikavu, na baada ya muda kingine. Nilihesabu mpaka vikafika vitatu. Vyote vilikuwa vya koo moja.

Nilikwenda jikoni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo kama nilivyouacha, buti ziko mahali pake. Nikavaa la kulia. Nikaingiza mguu kwenye la kushoto, na kabla ya kufika kwenye magazeti nikakanyaga kitu kibichi.

Ilikuwa nusu ya jani la isale. Nililipeleka dirishani penye mwanga. Pale lilipokatwa kulikuwa na alama za meno chini ya jani tu, juu hakuna kitu, kwa kuwa mbuzi hana meno ya mbele ya juu. Nikazihesabu mara mbili. Zilikuwa tatu.

Sikwenda bandani kwanza. Nilikwenda kugonga chumba cha wageni, na naapa ule mlango ulikuwa mzito kuliko punda wawili na ng'ombe.

Nderingo alifungua akiwa amejifunga shuka. "Kuna nini, shemeji?"

Nikamnyooshea nusu ya jani kwa mikono miwili. "Naomba radhi," nikasema. "Mbuzi wako lazima akae peke yake, kule chini kwenye migomba, siku thelathini. Anakohoa. Nilimsikia jana nikakuogopa nikanyamaza. Na hawa waliolala naye nitawatazama siku zote hizo, maana sijui kama nimewahi."

Aliinama kuliangalia jani pale lilipokatwa. Niliona neno wazimu likipita usoni mwake, au labda ni hofu yangu ndiyo iliyolipitisha.

"Limeliwa," alisema.

"Nusu."

"Na nani?"

"Na walioombwa radhi kwanza."

Isale haikataliwi, hata ikiwa nusu, hata ikiwa na mate. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka dirishani juu ya kofia yake, akaanza kutafuta viatu.

"Huko chini patakuwa na baridi," alisema akiwa ameinama. "Nitakaa naye kidogo, asione ametupwa. Nikitoka huko sitakanyaga bandani kwenu kabla ya kunawa. Kaka aliwahi kunieleza sheria hii, nikamcheka." Akafunga kamba za kiatu kimoja, akasimama. "Sasa leo tunaihesabu siku ya ngapi?"

"Ya kwanza," nikamwambia, na nikaenda kumtafutia mwavuli.